Kata Iliyotuponyoka Siku ya Harii

Kaneku, 20 Januari 1983

Seiken,

Huna haya wewe. Miezi saba umekaa huko Osaka, na nilichopata kutoka kwako ni kadi moja ya mwaka mpya yenye picha ya nguruwe. Nguruwe ninaye bandani. Wa karatasi wa nini? Tena jina langu umeliandika juu ya kichwa chake, kana kwamba mimi na yeye ni ndugu.

Haya, sasa salamu. Mimi mzima, ila magoti yanalalamika kila nikishuka gatini. Dada yako Hatsue kajifungua wiki iliyopita, mtoto wa kike, kichwa kikubwa kama cha marehemu babu yako, na sauti yake inafika mpaka kisiwa cha pili. Mume wake amekonda kuliko aliyezaa. Jike langu jeusi la nguruwe limezaa tisa, likamlalia mmoja, wamebaki wanane. Baridi imetubana mwaka huu, kwa hiyo lile koti lako la kazi nalivaa mimi. Usilitafute.

Naandika kwa penseli nyuma ya karatasi za kalenda. Shule niliacha darasa la pili kwa sababu kichwa changu kilihitajika kubebea kapu la samaki, basi usinicheke. Neno likikushinda, lisome kwa sauti, utanisikia.

Jambo lenyewe ni hili. Jumapili chama cha wavuvi kimekaa. Harii, mashindano yetu ya mashua, mwaka huu inaangukia tarehe kumi na nne Juni, na kengele ya kuitangaza itapigwa tarehe nane. Wakauliza: mashua ya upande wetu wa Mashariki, nani atashika usukani? Swali gani hilo! Kasia la usukani limekaa kwenye nyumba hii ya Kakazu tangu baba yake babu yako. Lakini Tokuji, jirani yetu wa ukutani, akanyoosha mkono kabla swali halijaisha. Eti mwanawe Yasuo yuko tayari. Yasuo! Yule anayetapika akipanda kivuko cha abiria. Mwenyekiti akasema nyumba ya Kakazu ina haki yake mpaka kengele ilie. Ikilia na mshika usukani wetu hayupo ufukweni, kasia linahama. Na likihama halirudi.

Unajua Tokuji anapata wapi ujasiri huo. Kwako. Mwaka jana mbio ya kwanza mlikwenda vizuri, kichwa cha joka kiko mbele, makasia yanashuka pamoja, nikajivuna hata nikamkanyaga mtu. Ikaja mbio ya kupindua. Kichwa cha joka kikavuliwa, filimbi ikalia katikati ya maji, mkaipindua mashua, mkaiinua, wenzako kumi wanatafuta kata ya kuchotea maji, kata aliyoichonga babu yako kwa mkono wake, na kata haipo! Imekwenda na mkondo. Mkachota kwa kofia na viganja kama watoto wa chekechea. Mlipofika, wapinzani wetu wa Magharibi walikuwa wameshavua vitambaa vyao vya kichwa na wanakula tikiti maji.

Mwaka mpya huu hao Magharibi wameniletea zawadi. Nikafungua. Upawa. Upawa wa supu, umefungwa utepe mwekundu.

Kufunga kata ni kazi ya mshika usukani. Asubuhi ilikuwa imefungwa, najua. Sasa nijibu jambo moja tu: ulifanya nini na ile kamba?

Bibi yako,
Uto

*

Osaka, 13 Februari 1983

Bibi, shikamoo.

Nisamehe kwa nguruwe. Dukani zilibaki kadi za aina mbili, yenye nguruwe na yenye bibi harusi, nikaona ya pili ungeielewa vibaya ukaanza kupika.

Nimefurahi mno kusikia habari za Hatsue. Mtoto mmempa jina gani? Mimi ni mzima. Kiwandani nachomelea vyuma, naona cheche tu kutwa nzima, nikitoka nje hata jua naliona limepauka. Tunakaa wanne chumba kimoja, wote watu wa visiwani. Leo ni mwaka mpya wetu sisi wavuvi, na hapa mjini hakuna anayejua. Wanatushangaa. Tumechemsha miguu ya nguruwe, mmoja kapiga zeze, mwenye nyumba kapiga ukuta, naye akapiga kwa mpigo uleule wa wimbo, tukamkaribisha. Amekula vipande vitatu. Nilijaribu na maandazi yako. Nje yaliungua, ndani yalikuwa uji. Mwenye nyumba aliuliza kama ni dawa.

Kuhusu Harii, bibi, kazi mwezi wa Juni huwa imebana sana. Sidhani nitapata ruhusa. Yasuo si mtu mbaya. Akitafuna tangawizi hatatapika.

Magoti yako yafunge kitambaa chenye chumvi ya moto. Upawa usiutupe.

Mjukuu wako,
Seiken

*

Kaneku, 2 Machi 1983

Wewe Seiken,

Barua yako nimeisoma mara tatu. Ya nne nikampa Hatsue, nikidhani macho yangu yameruka mstari. Hayakuruka. Umenijibu habari za nguruwe, za maandazi, za magoti, za mwenye nyumba na vipande vyake vitatu. Kamba hukuigusa hata kwa ncha ya kalamu.

Mtoto wamemwita Minako. Jina la mtu wa kwenye televisheni. Nimelipinga siku mbili, ya tatu mtoto kanichekea, nimekubali. Vitoto vya nguruwe nimeuza watano. Samaki wa kuruka wameanza kuonekana mapema. Chumvi ya moto nimejaribu, nimeungua.

Sasa nisikilize. Juzi Tokuji kaja hapa, kasimama chini ya upenu wetu, anaangalia kasia la usukani lilipotundikwa. Analipima kwa macho kama mtu anayenunua mbao za jeneza. Nikamuuliza, "Umepotea njia?"

"Hapana, mama. Nimekuja kuona kama mchwa hawajalivamia."

"Namwona mmoja hapa, mkubwa, kavaa kofia."

Akaondoka, lakini aliondoka anacheka. Hicho kicheko ndicho kinanikera. Anajua tarehe nane Juni anakuja na mkokoteni.

Nami nafikiri, nafikiri mpaka wali unashika chini ya sufuria. Wewe nimekulea tangu mama yako atutoke, ukiwa na miaka minne. Mafundo yako nayajua. Unafunga la babu yako, mizunguko miwili na kurudi ndani, mpaka mtu atafute msumari wa kulifungulia. Langu ni jingine. Miaka arobaini nimepandisha samaki kwa watu wa mlimani, nikafunga kapu fundo la kuvuta, kidole kimoja tu na kapu liko wazi, maana mteja hangoji na nzi hawangoji. La kwako hata papa hafungui. Basi lililegeaje?

Siku ile ulisimama mbele ya watu wote, maji yanakutiririka, ukasema, "Ni mimi. Sikuikaza." Sisi wanawake tulikuwa juu ya ukuta wa bandari, maana siku ya Harii mashua hatuigusi, kazi yetu ni kelele. Nikakuita. Hukuniangalia. Siku ya tisa ukapanda meli.

Nimeandika kwamba asubuhi ilikuwa imefungwa, nawe hukuniuliza nimejuaje. Vizuri. Usiulize.

Jibu.

Uto

*

Osaka, 28 Machi 1983

Bibi, shikamoo.

Minako ni jina zuri. Nimemnunulia kofia ya sufi, imo ndani ya kifurushi hiki pamoja na dawa ya kupaka magotini. Dawa ni ya kijani. Usiinywe, najua utataka kuionja.

Maua ya micheri yamechanua huku, watu wanatandika mikeka chini ya miti na kulewa. Nilikwenda na wenzangu. Yanapendeza upepo ukivuma, ila hakuna anayepiga kelele za kumshinda mwenzake, nikachoka mapema.

Kosa lilikuwa langu, bibi. Nilikaa kwenye usukani, kamba iko mbele ya magoti yangu, sikuikaza. Sina la kuongeza. Nakuomba swali hilo tulizike, mimi na wewe, na tusilifukue.

Juni siji. Mwambie Tokuji kasia lisilazwe juani, litapasuka.

Seiken

*

Kaneku, 17 Aprili 1983

Seiken, mkaidi,

Ulitaka kuzika. Ona sasa kilichofufuka.

Wote wazima. Kofia imemfika Minako puani, itamfaa akiwa na miaka mitatu. Dawa ya kijani ni chungu.

Ijumaa nimekaa gatini natengeneza samaki, kivuko kikafunga gati. Nahodha Gishin ananiita kutoka juu, "Mama Uto! Una mgeni!" Akashuka mwanamke mnene wa kisiwa cha Akana, uso mwekundu kwa upepo, amekumbatia furushi. Akanitazama, akafungua kidogo, akauliza, "Mama, alama hii ni ya nyumba yenu?"

Mistari mitatu na ndoano, chini ya mpini. Nikakaa chini, kwenye magamba ya samaki.

Kata ya babu yako, Seiken! Nzima. Imepauka, imepata ufa mdogo pembeni, lakini nzima. Yule mwanamke aliiokota ufukweni kwao mwezi wa Agosti.

"Na tangu Agosti ilikuwa wapi?" nikamuuliza.

"Nilikuwa nawawekea kuku chakula, mama. Ni nzuri sana, haipinduki."

"Haipinduki! Unajua imetoka kwenye mashua gani?"

Nikamsimulia. Alicheka mpaka akashika nguzo. Kumbe ni mumewe aliyeiona alama wiki iliyopita, alipokwenda kutafuta mayai, akasema hii ni ya watu wa Kaneku, irudishe kabla hawajatuloga. Mwanamke anasikitika, anasema kuku wake sasa watagoma. Nikampa ule upawa wa Magharibi na utepe wake, akalishie kuku. Na maandazi ishirini, na donge la sukari guru. Tumeagana kama dada.

Nimeisugua kwa mchanga, bado inanuka banda. Nimeiweka pale tunapomfukizia babu yako ubani, aione.

Na sikiliza hili. Kamba imo bado, kwenye tundu la mpini. Imekakamaa kwa chumvi, imeng'ang'ana na uchafu, lakini imo. Nimeiloweka kwenye maji matamu. Kesho macho yakiwa yamepumzika nitaitazama vizuri. Wewe umekataa kusema, kamba itasema.

Uto

*

Osaka, 25 Aprili 1983

Bibi yangu,

Nimefurahi kwamba kata imerudi. Nimeruka nikagonga kichwa kwenye dari, wenzangu ni mashahidi.

Lakini kamba itupe. Imeoza hiyo. Ifunge mpya. Kamba ya zamani haina faida kwa mtu, tena kucha zako zitaumia. Itupe motoni tu, usiitazame.

Salimia wote.

Seiken

*

Osaka, 9 Mei 1983

Bibi, shikamoo.

Mbona kimya? Hatsue kaniandikia kuwa u mzima lakini hugombi na mtu. Ameogopa, na mimi nimeogopa zaidi. Nitukane hata mistari miwili.

Seiken

*

Kaneku, 16 Mei 1983

Seiken,

Mjinga wewe. Mjinga mkubwa, na aliyekulea ni mjinga zaidi.

Wazima wote. Salamu zimeishia hapo.

Kamba nimeitazama. Haikukatika, ncha zake zote mbili nzima, hakuna uzi uliochanika. Haina mikunjo ya fundo la babu yako, ambalo likikaa saa moja tu linaacha kamba imejikunja kama shingo yangu. Nayo ni nyeusi. Kamba nyeusi Kaneku nzima tulikuwa nayo wauza samaki, na tuliobaki hai ni mimi peke yangu. Ni kamba ya kapu langu.

Sasa nakwambia nilichokuwa sikisemi. Siku ya Harii alfajiri, kabla mwanamume hata mmoja hajashuka, nilikwenda ufukweni nikaingia kwenye mashua ya Mashariki. Mimi, mwanamke, siku ya Harii. Nikakuta kamba ya kata imeoza, nikaitupa. Nikaichukua kata mpaka nyumbani, nikamwekea babu yako pale kwenye ubani, nikaimwagia pombe ya mchele aliyokuwa akiipenda, nikamwambia, "Mzee, leo mtoto anashika usukani kwa mara ya kwanza. Shikeni pamoja." Nikairudisha. Nikaifunga kwa kamba yangu. Nilikaza mpaka meno yakauma! Ndiyo maana nilijua ilikuwa imefungwa. Ndiyo maana nilikutukana kwa uhakika.

Baada ya kuitazama kamba, nikaichukua kata nikaifunga kwenye nguzo ya kuanikia nguo. Nikafumba macho, nikaiacha mikono ifanye yenyewe. Nikafumbua: fundo la kapu. Nikairudia, naiambia mikono, fungeni la mzee, nyie. Fundo la kapu. Nikavuta ncha kwa kidole kimoja. Kata ikaniangukia mguuni, na kidole gumba kimevimba mpaka leo.

Ndiyo hivyo. Mmepindua mashua, maji yamevuta ncha, kapu limefunguka. Bila samaki.

Wiki nne penseli ilikuwa inanikataa. Jana Jumapili chama kimekaa, nikaenda. Nimeingia bila kubisha hodi, wanaume thelathini na moshi wao wa sigara.

Mwenyekiti akasema kwa adabu, "Mama Uto, hiki ni kikao cha mashua."

"Ndiyo maana nimekuja. Kata iliyotuponyoka mwaka jana niliifunga mimi. Fundo lilikuwa la kwangu. Seiken hana kosa, na atakayelitaja jina lake vibaya tena ataniona."

Tokuji akaruka kama kaa amemng'ata. "Mnamsikia? Mwanamke kaigusa mashua siku ya Harii! Ndiyo sababu tulishindwa!"

"Tokuji," nikamwambia, "mwaka juzi mlishindwa. Mwaka ule mwingine mlishindwa. Miaka sita nyuma mlishindwa, na mimi nilikuwa ukutani napayuka. Hizo zote nani aliigusa, mama yako?"

Wale wazee wa Magharibi wakaanguka kwa kucheka, mmoja kamwaga chai. Hapo hapo Yasuo wa Tokuji akasimama, masikini, masikio mekundu. "Baba, mimi usukani siutaki. Nipeni kengele. Kengele inapigwa nchi kavu."

Mwenyekiti alipomaliza kufuta macho akatoa hukumu. Kwa kugusa mashua, Uto Kakazu atakaanga maandazi mia tatu awalishe wapiga makasia wa pande zote mbili. Jina la Seiken halina doa. Lakini kasia, wamesema, ni kama ilivyoamuliwa: kengele ikilia tarehe nane na mshika usukani wa nyumba hii hayupo, linahama. Yasuo hatalishika, ila Tokuji ana wapwa wanne na wote wanasimama vizuri majini.

Hayo ya chama yameisha. Yangu na yako bado.

Ulijua. Usinidanganye, ulijua! Tangu una miaka mitano umelivuta fundo lile kuniibia samaki wa kukaanga kapuni. Ulilijua kabla hata hujajua kuhesabu. Ukasimama mbele ya watu ukasema ni mimi. Nani alikutuma? Miezi kumi na moja nakutukana kwa kosa langu, unaniletea dawa ya magoti!

Hapa panatakiwa neno moja. Silijui linavyoandikwa. Darasa la pili hatukulifikia.

Njoo nyumbani.

Uto

*

Osaka, 24 Mei 1983

Bibi yangu, shikamoo sana.

Barua yako nimeisomea kiwandani, kofia ya kuchomelea ikiwa usoni, ili watu wasione. Nilipoivua wakauliza kama nimefiwa. Nikasema hapana, nimetukanwa na bibi. Wakanipongeza.

Kweli, nilijua. Nilipokaa kwenye usukani nikaiona kamba nyeusi mbele ya magoti yangu, na fundo lenye sikio moja, na kamba inanukia ubani na pombe ya mchele. Nikajua ulishuka alfajiri na ulichokifanya. Nikanyoosha mkono nilifungue nifunge la babu. Mkono ukasimama. Nikajiambia, bibi kaniombea hapa. Nikilifungua nitakuwa nimeifungua na dua yake. Nikaliacha. Nilichosema mbele ya watu hakikuwa uongo, bibi: ni mimi, sikuikaza.

Ningesema fundo ni la nani, wangejua umeigusa mashua. Nikanyamaza. Hilo lilikuwa rahisi. Lililonishinda ni kukaa nawe mezani, kila ukinipakulia wali unaniuliza, "Ulifanya nini na kamba?" Kila siku mdomo ulikuwa unafunguka wenyewe. Ndiyo nikapanda meli. Huku Osaka unauliza kwa barua, na barua naweza kuigeuza kifudifudi.

Msimamizi nimemwomba ruhusa. Akauliza sababu. Nikamweleza habari ya kata tangu mwanzo mpaka kuku. Akazima mashine watu wote wasikilize. Kanipa siku kumi na nne, na anadai maandazi.

Naondoka Jumamosi tarehe nne. Meli inafika Naha Jumatatu tarehe sita, na Jumanne nitapanda kivuko cha Gishin. Kengele itanikuta.

Neno usilolijua linavyoandikwa, nimelisoma.

Seiken

*

Kaneku, 5 Juni 1983

Seiken,

Barua hii nampa nahodha Gishin mkononi, akupe utakapopanda kivuko chake. Akikupa kabla ya kukukagua kama umekonda, mwambie nimemkataza.

Umechelewa kuondoka huko, lakini haya. Hatsue amefua kitambaa chako cha kichwa. Minako anajua kukaa, na akisikia makasia yanajaribiwa bandarini anatingisha kichwa kwa mpigo, huyu atakuwa wa kwetu. Maandazi nimeshakaanga mia moja na arobaini. Hatsue anasema yapo mia na ishirini, na mumewe ameanza kunenepa. Wa Magharibi wanapita mlangoni na kuuliza kama mwaka huu tunahitaji vikombe. Nimewaambia walete kila walichonacho, watalilia humo. Tokuji jana kaleta tikiti maji, kaliweka kizingitini, kakohoa, kaondoka. Nimelila. Ni tamu, sikumwambia.

Kuhusu kuigusa mashua, mwenyekiti kaniuliza faraghani kama mwaka huu nitakaa mbali. Nimemwambia nitakaa ukutani na wenzangu. Kwa babu yako nitakwenda na maneno matupu, kata itabaki kwenye mashua.

Humu ndani ya bahasha nimekuwekea kamba. Mpya, nimeisokota mwenyewe, nyeusi kama ile, urefu uleule. Mimi sijaifungia chochote, mikono yangu nimeikataza.

Kutoka Naha mpaka hapa ni mwendo wa saa tatu. Usilale, na usipige soga na Gishin. Kaa chini, funga fundo la babu yako, mizunguko miwili na kurudi ndani, ukaze kwa mguu, ushuke nalo gatini mkononi. Nitakuwa nimesimama hapo, na Tokuji nitamsimamisha pembeni yangu. Nitalivuta kwa kidole, halafu kwa mkono, halafu kwa meno niliyobaki nayo. Likifunguka, usishuke hata hatua moja, rudi na kivuko hichohicho. Lisipofunguka, pita moja kwa moja mpaka chini ya upenu, teremsha kasia, na ukaifunge kata kwenye mashua wewe mwenyewe kabla ya kula chochote.

Uto